Kupiga CD ni kazi moja, kuinakili ni nyingine

Msomaji mmoja ameniuliza hivi: "Mtaalamu, habari za kazi. Baba yetu alifariki mwaka jana akatuachia CD za muziki kama 300. Nyingi ni za dukani, chache alizichoma mwenyewe nyumbani na kuziandika kwa kalamu. Deki yake imeanza kurukaruka. Nataka kifaa kimoja kitakachopiga CD hizi na pia kuzinakili ziwe faili, ubora usipotee. Muuzaji ananishauri redio ndogo yenye tundu la flashi: unabonyeza kitufe, inarekodi. Kaka yangu anasema ninunue draivu ya nje, yaani kisomaji cha CD cha kuchomeka kwenye laptopu. Nimeona pia mashine kubwa zenye hadi diski (diski ngumu ya kuhifadhia faili) ndani, lakini bei yake inatisha. Mimi na kompyuta tunaelewana kiasi tu. Nichukue ipi? Na tukishanakili, CD zenyewe tuzitupe?"

Dada yangu, pole sana kwa kuondokewa na mzee. Kazi yangu ni kuhamisha sauti kutoka kwenye kanda, santuri na CD, na mikusanyo mingi inayonifikia ina historia kama ya kwako: mwenye nayo ametangulia, waliobaki wanataka muziki wake usipotee. Nitakujibu kwa urefu, maana kosa katika kazi hii huwa halionekani siku linapotendeka.

Uamuzi wangu kwanza. Kaka yako yuko sahihi. Nunua draivu ya nje ya USB, tumia laptopu mliyonayo, na deki ya mzee ipelekwe kwa fundi kabla hamjafikiria kununua nyingine. Redio yenye tundu la flashi iache kabisa kwa kazi hii, hata kama muuzaji anaisifu. Mashine kubwa yenye hadi diski ina mahali pake, nitakuambia ni wapi. Lakini wazo la kifaa kimoja kinachofanya yote, ambalo ndilo uliloanza nalo, ningependa uliweke pembeni, kwa sababu kupiga CD na kunakili CD ni kazi mbili zinazodai tabia tofauti kabisa kutoka kwa mashine.

Wengi hudhani CD ya muziki ni kama flashi: ndani kuna nyimbo 12, unazivuta, unaziweka pengine. Sivyo ilivyo. CD ilibuniwa na Philips na Sony, kanuni zake zikawekwa mwaka 1980, na deki ya kwanza kuuzwa, Sony CDP-101, ikaingia sokoni Japani Oktoba 1982. Ilibuniwa ili ipigwe, si ili inakiliwe. Ndani yake hamna faili hata moja. Kuna mstari mmoja tu wa vishimo vidogo sana, unaoanzia karibu na tundu la katikati ukizunguka na kuzunguka mpaka ukingoni. Ungeweza kuunyoosha ungefika kama kilomita 5. Leza inausoma mstari huo na kupata namba 44,100 kila sekunde kwa spika ya kushoto, na nyingine 44,100 kwa spika ya kulia. Deki inazigeuza kuwa sauti papo hapo, na muziki unasonga mbele.

Sasa weka vumbi juu ya mstari huo, au alama ya kidole, au mkwaruzo. Wabunifu walilijua hilo tangu mwanzo. Waliongeza namba za ziada ambazo deki huzitumia kukokotoa upya sehemu isiyosomeka, na wakaitawanya sauti ya kila kitambo kidogo kwenye eneo refu la mstari ili uharibifu wa mahali pamoja usimeze kila kitu. Pengo la hadi milimita 2.5 hivi kwenye mstari linaweza kuzibwa lote bila kupotea namba hata moja. Hiyo ni kazi nzuri mno kwa teknolojia ya umri ule. Lakini pengo likizidi hapo, deki inaanza kukisia. Inachukua namba iliyo kabla ya pengo na iliyo baada yake, inaweka ya katikati. Pengo likiwa kubwa zaidi, inanyamaza kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa msikilizaji aliyekaa sebuleni, tabia hiyo ni njema. Deki haina nafasi ya kusimama na kurudi nyuma, na sikio lako mara nyingi halitagundua. Kwa anayenakili, ni hasara. Kile kilichokisiwa kinaingia kwenye faili, kinakaa humo miaka yote, na hakuna anayekuarifu. CD ya data, ile ya programu au nyaraka, ina ulinzi wa ziada: katika kila kipande cha baiti 2,352, baiti 2,048 tu ndizo hubeba data yako, na sehemu kubwa ya zilizobaki ni za kugundua na kusahihisha makosa. CD ya muziki inazitumia baiti zote 2,352 kwa sauti. Ndiyo maana ukijaribu kunakili nyaraka kutoka kwenye CD mbovu kompyuta inagoma na kukuambia imeshindwa, ilhali ukinakili wimbo inaweza kukukabidhi faili yenye kasoro na kukuambia kazi imekamilika.

Somo hili nililipata kwa uchungu. Miaka ya mwanzo nilimnakilia mtu CD kama 60 kwa mashine ya kitufe kimoja, ya aina ileile anayokusifia muuzaji wako. Kila kitu kilionekana sawa. Baada ya miezi kadhaa alinipigia simu: kwenye wimbo mmoja, karibu na mwisho, kulikuwa na mlio mkavu kama kijiti kinachovunjika, na nyimbo nyingine mbili zilikuwa zimekatika katikati ya neno. Nikamwambia alete CD nirudie. Akaniambia ameshazigawa. Tangu siku hiyo sinakili CD yoyote bila njia ya kuthibitisha kwamba nilichopata ndicho kilichomo, na hiki ndicho kipimo ninachotaka ukitumie kwa kila kifaa utakachoonyeshwa: kinawezaje kunihakikishia kwamba nakala ni sahihi?

Redio ya flashi haina jibu la swali hilo. Nyingi za aina hiyo zinarekodi kwa MP3 tu, mara nyingi kwa kilobiti 128 kwa sekunde, wakati sauti iliyo kwenye CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. Yaani kati ya sehemu 11 unabaki na moja. MP3 imetengenezwa kwa ustadi ili kinachotupwa kisisikike sana, lakini kikishatupwa hakirudi. Kuna pia suala la muda: nyingi ya redio hizi hurekodi huku wimbo ukipigwa, kwa hiyo CD 300 za kama saa moja moja ni saa 300 za kukaa hapo. Na mwisho wa yote unapata faili zinazoitwa kwa namba tu, hujui ipi ni ipi.

Draivu ya nje haina uzuri wowote wa kutazama, ila ina sifa moja inayoizidi redio: inaruhusu programu ya kompyuta iiamuru irudi nyuma. Programu makini ikikutana na sehemu yenye shaka, inaisoma tena, na tena, mara nyingi kadiri inavyohitajika, mpaka majibu yafanane. Muda inao wote. Kwenye Windows kuna Exact Audio Copy, ya bure na inayoheshimika sana, ingawa mipangilio yake inahitaji uvumilivu siku ya kwanza. Kuna pia dBpoweramp, ya kulipia, ambayo kwa mtu anayeelewana na kompyuta kiasi ndiyo ningemwekea. Kwenye Mac kuna XLD, nayo ni ya bure. Anayetumia Linux atapata whipper.

Zote hizi zina kitu kimoja ninachokitaka kuliko kingine chochote: zinaweza kuilinganisha nakala yako na za watu wengine. Huduma yenyewe inaitwa AccurateRip. Programu ikishamaliza kunakili wimbo, inaukokotoa wote na kupata namba moja ya uhakiki. Ikibadilika hata biti moja ya wimbo, kwa kawaida namba hiyo inabadilika pia. Kisha inaitazama kwenye hifadhidata ya namba zilizotumwa na watu walionakili CD hiyohiyo kwa kompyuta zao, na draivu zao. Ikiwa namba yako imelingana na za watu wanane usiowajua, kila mmoja na CD yake na mikwaruzo yake, basi jambo limekwisha: haiwezekani wote tisa mkosee kwa namna moja. Namna hiyo unaijua nakala ni sahihi bila kukaa kuisikiliza. Mimi nilipoanza kuitumia nililala vizuri.

Kwa CD ambayo haimo kwenye hifadhidata, na mzee akiwa alipenda muziki adimu utakutana nazo, inakili mara mbili na programu ilinganishe nakala zenyewe. Zikifanana, una sababu nzuri ya kuiamini. Zisipofanana, ijaribu kwenye draivu nyingine kabla ya kukata tamaa. Nimeona mara nyingi CD iliyogoma kabisa kwenye draivu moja ikisomeka bila shida kwenye ya pili, hata kama ya pili ni ya bei ndogo. Kila draivu ina jicho lake. Kwa sababu hiyo, ukiweza kuazima ya pili kwa muda wa kazi hii, fanya hivyo.

Katika kuchagua draivu yenyewe usisumbuliwe na majina. Karibu draivu yoyote ya DVD au Blu-ray husoma CD. Ninachopendelea ni ile ya ukubwa kamili, ya aina inayowekwa kwenye kompyuta za mezani, ikiwa ndani ya kasha lake lenye umeme wake. Inashika CD kwa uthabiti, na kwangu imekuwa mvumilivu zaidi kwa CD zilizokwaruzika au zilizopinda kidogo. Ile nyembamba inayonyonya umeme kutoka kwenye laptopu nayo inatosha kama ndiyo uliyoipata, mradi uichomeke moja kwa moja kwenye laptopu na si kupitia kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, na draivu ikikosa nguvu huanza makosa ambayo utadhani ni ya CD. Chagua yenye trei inayotoka. Zile za kumeza CD kupitia mwanya mwembamba sizitaki: CD ndogo za sentimita 8 zinakwama humo, na CD ya kuchoma iliyobandikwa karatasi inaweza kubanduka ikiwa ndani.

Jambo dogo ambalo utaliona kwenye mipangilio na huenda likakutisha: programu itataka kujua draivu yako inaanza kusoma mahali gani hasa, kwa sababu kila modeli huanza mbele au nyuma kidogo ya pale inapopaswa, kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Usihangaike nalo. Weka CD mbili tatu zinazojulikana sana, programu itajipima yenyewe na kukumbuka.

Kabla hujaweka CD yoyote kwenye draivu, ichukue uishike chini ya taa, uigeuze polepole. Mikwaruzo ina aina mbili na hazina uzito sawa. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni unaukata mstari wa data kwa upana wake. Kila mzunguko leza inapoteza kidogo, na kidogo hicho kinazibwa. Lakini mkwaruzo unaozunguka pamoja na CD, hata ukiwa mwembamba kama unywele, unalala juu ya mstari na kuufuata, na hapo data nyingi zilizofuatana zinapotea kwa mpigo. Ndiyo sababu CD hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kwa mstari ulionyooka, na kamwe haisuguliwi kwa kuzungusha kama sahani. Kama ina uchafu mgumu, maji na tone la sabuni vinatosha. Ikaushe kabisa ndipo uisomeshe. Dawa ya meno ambayo watu husimulia, achana nayo.

Kisha igeuze upande wa maandishi, na hapa wengi hawajui. Upande wa chini, ule unaong'aa, unalindwa na plastiki ya unene wa karibu milimita 1.2. Data yenyewe ipo juu, chini tu ya rangi na maandishi, ikifunikwa na tabaka jembamba la vanishi. Mkwaruzo wa upande wa chini unaweza kung'arishwa na mashine ya fundi. Wa upande wa maandishi ukishafika kwenye tabaka linaloakisi mwanga, kipande hicho cha muziki kimekwenda. Inua CD uitazame dhidi ya taa: ukiona vitundu vya mwanga vinapenya, jua CD hiyo ina majeraha ya kweli, na iweke kwenye fungu la kushughulikia mapema.

Mpangilio wa kazi una umuhimu wake. Anza na zile mzee alizochoma mwenyewe. CD ya dukani imegongwa kwa muhuri, vishimo vyake ni vya plastiki ngumu. CD ya kuchoma haina vishimo. Ina tabaka la rangi ya kikemikali lililobadilishwa na leza, na rangi hiyo hufifia kwa umri, joto na hasa mwanga wa jua. Inaweza kuwa inasoma leo na mwakani isisome. Tena hizo ndizo ambazo huenda hazina mfano mwingine popote. Kwa hizi punguza kasi ya draivu, usiiachie iende mbio. Zinazofuata ni zile zilizogeuka rangi kuwa ya shaba au kahawia kuanzia ukingoni. Zipo zilizotengenezwa kwenye kiwanda cha PDO kule Blackburn, Uingereza, kati ya 1988 na 1993, ambazo zinajulikana kwa ugonjwa huo. Nyingine zote zinaweza kusubiri zamu yao.

Hifadhi kwa FLAC. Ni mfumo unaobana faili bila kutupa chochote, na ukiifungua unapata zilezile namba zilizokuwa kwenye CD. Umekuwepo tangu 2001, uko huru, na unasomwa na karibu kila kitu isipokuwa vifaa vichache. Albamu moja itachukua kama megabaiti 300 hadi 400, kwa hiyo mkusanyo wote wa mzee hautazidi sana gigabaiti 120. Hadi diski ya kawaida inaumeza ukabaki na nafasi tele. WAV nayo haipotezi kitu, ila inakula nafasi karibu mara mbili na haibebi majina vizuri. Kama familia yote inatumia vifaa vya Apple, ALAC, mfumo wa Apple wa aina hiyohiyo, ni sawa pia. Ukitaka MP3 kwa ajili ya simu au gari, itengeneze kutoka kwenye FLAC wakati wowote. Njia ya kurudi kutoka MP3 haipo. Faida nyingine ya FLAC utaisikia kwenye CD za tamasha, zile ambazo makofi ya wimbo mmoja yanaingia kwenye mwanzo wa mwingine: zinapita bila kukatika, wakati MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni mwa kila faili, na vifaa vingi havijui kuuondoa.

Majina ya nyimbo yatakula muda wako kuliko kunakili kwenyewe. Nimekuambia CD haina faili; mara nyingi haina majina pia. Kompyuta inaitambua kwa idadi ya nyimbo na sekunde ambazo kila mmoja unaanzia, kama unavyomtambua mtu kwa mwendo wake akiwa mbali. Kisha inauliza hifadhidata kama MusicBrainz: nani ana mwendo huu? Kwa albamu zilizouzwa sana duniani utapata kila kitu, hadi picha ya kava. Kwa muziki wa lugha zetu jibu laweza kuja na majina yaliyokosewa, au lisije kabisa. Usiyapokee bila kusoma. Shika kava mkononi, linganisha, sahihisha, uandike jina la mwimbaji kwa namna moja tu kila mahali, la sivyo bendi moja itagawanyika kuwa tatu kwenye orodha yako. MusicBrainz inaruhusu mtu yeyote kuchangia, kwa hiyo CD za mzee ambazo hazimo unaweza kuziingiza wewe, na mwingine mwenye CD hiyohiyo atazikuta.

Sasa zile mashine kubwa. Kuna Brennan B2, kuna Bluesound Vault, kuna za Innuos, kuna Naim Uniti Core, na nyingine. Unaweka CD, inanakili yenyewe, inaitema, na nyimbo unazichagua kwa simu ukiwa umekaa. Kwa mtu asiyetaka kabisa kugusa kompyuta, na bei haimsumbui, ni vitu vizuri. Ila soma maelezo kwa makini kabla ya kulipa. Uniti Core, kwa mfano, haina amplifaya ndani na hadi diski unanunua na kuiweka mwenyewe. Ukiniuliza nini cha kumbana nacho muuzaji wa mashine yoyote ya aina hii, ningeanza na lile swali la uhakiki: inalinganisha nakala na AccurateRip, au inanakili tu na kutumaini? Halafu: faili ninaweza kuzitoa zote kwa USB au mtandao wa nyumbani, zikiwa faili za kawaida? Majina yanaandikwa ndani ya faili, au yanakaa kwenye kumbukumbu ya mashine? Hili la mwisho limewaumiza watu. Mashine ikifa na majina yalikuwa kwake tu, unabaki na maelfu ya nyimbo zisizo na jina. Na hadi diski ikichoka, naweza kuibadilisha? Akisitasita kwenye mojawapo, funga mkoba wako.

Kwa CD 300, mimi sioni sababu ya kutoa fedha hizo. Draivu hunakili CD nzima kwa dakika 5 hadi 10 ikiwa haina mikwaruzo mibaya. Ukifanya 6 kila jioni, huku ukiendelea na shughuli zako, siku 50 umemaliza. Fedha iliyobaki nunua hadi diski mbili badala ya moja. Nakala ya kwanza ikae kwako, ya pili kwa kaka yako, na kila mnapoongeza kitu mzisawazishe. Hadi diski hufa bila taarifa, tena mapema kuliko CD.

Tahadhari mbili za haraka. Zima ile tabia ya Windows ya kufungua CD yenyewe inapoingizwa: mwaka 2005 Sony BMG iliuza CD zilizokuwa zikiingiza kwa siri programu ya kuzuia kunakili kwenye kompyuta za wateja, ikalazimika kuzirudisha, na baadhi bado ziko mikononi mwa watu. La pili, CD chache za miaka ya 1980 zilirekodiwa sauti zake za juu zikiwa zimeinuliwa makusudi, deki ikitegemewa izishushe. Ukinakili albamu ya zamani ukasikia matoazi yanakata masikio, si kosa lako. Programu nyingi zinaweza kuzishusha sauti hizo baadaye.

Kuhusu deki ya mzee: kurukaruka kwake huenda ni vumbi tu kwenye lenzi, au grisi ya reli ya leza imekauka. Hayo ni marekebisho madogo kwa fundi anayejua. Usiifungue mwenyewe ikiwa kwenye umeme. Leza ya CD haionekani vizuri kwa macho, lakini inaweza kuyadhuru. Ikiwa haiponi, mbadala wake hauhitaji kuwa wa ajabu. Tafuta yenye trei imara, inayokubali CD za kuchoma, na yenye tundu la kutolea sauti ya kidijitali, la mwanga au la waya, ili siku moja ukitaka kuiunganisha na kitu bora zaidi uweze. Hata deki ya DVD hupiga CD bila tatizo, ingawa baadhi zinakulazimu kuwasha televisheni ili uchague wimbo, na hiyo inachosha.

CD msizitupe, dada, wala msizigawe. Sheria za kujinakilia muziki hutofautiana kati ya nchi na nchi. Uingereza iliruhusu nakala za matumizi binafsi mwaka 2014, na mahakama ikaifuta ruhusa hiyo 2015. Soma za kwenu, lakini popote ulipo, kuwa na CD yenyewe kabatini kunaonyesha nakala ilitoka wapi, na kunakuwezesha kurudia ukigundua kosa. Zihifadhi zikiwa zimesimama ndani ya makasha yake, mahali pakavu pasipofikiwa na jua. Kava zipigeni picha au mzipitishe kwenye skana, mbele na nyuma, pamoja na vile vijitabu vya ndani. Zile alizoandika kwa kalamu, piga picha uso wa CD wenyewe, karibu, mwandiko usomeke, na picha hiyo iweke kwenye folda ya albamu ile ile ili kila ikipigwa itokee kwenye skrini.